Goti la Kashindye

Mgonjwa yule aliletwa chumba cha mazoezi asubuhi, amekaa kwenye kiti cha magurudumu, mguu wa kulia umenyooshwa mbele juu ya ubao kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Pelagia alikuwa amempa mgongo, anakamua mataulo aliyoyachovya kwenye maji ya moto. Alimsikia tu akimwuliza Tobias, mhudumu aliyekuwa akimsukuma, "Humu ndimo mnamovunjia watu mara ya pili?" Tobias akacheka.

Ile sauti. Nene, ina mkwaruzo, inaburuza mwisho wa kila neno. Taulo lilimponyoka Pelagia likaangukia ndani ya karai, maji yakamrukia kifuani.

Aliisikia siku moja tu maishani, mwaka wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishwa kwa lazima. Alikuwa amekuja likizo kutoka Moshi alikokuwa akisomea kazi ya kuchua na kunyoosha viungo, yuko nyumbani kwao Kaselya, kitongoji cha familia chache kando ya njia ya kale ya misafara, mbali na barabara ya Nzega. Mgambo walifika na lori. Mkuu wao, mtu mrefu aliyevaa koti la kijeshi lisilo na vifungo, alisimama uani kwa baba yake, mzee Raymundi, akasema, "Toeni vyombo nje. Jua halizami nyumba hii ikiwa na paa." Wakatoa vyombo. Aliyegoma ni bibi yake, Nyamizi, mama wa baba, ambaye alikaa karibu na jiko lake akasema waiangushe nyumba naye akiwa ndani. Yule mkuu akainama mlangoni, akaingia, akatoka na bibi mgongoni. Bibi alikuwa akimpiga mabegani kwa ngumi ndogo ndogo, kama mtoto aliyenyimwa ziwa.

Masika yaleyale bibi alifia katika kibanda cha majani cha kijiji kipya, kifua kimejaa. Pelagia alikuwa Moshi. Habari zilimfikia maziko yamekwisha kupita.

Na sasa mtu yule alikuwa hapa, hana koti, amevaa shati la hospitali lililomwacha shingo wazi, na shingo yenyewe imekonda. Jina lake Kashindye. Alianguka kutoka kwenye tela la trekta la kijiji walipokuwa wakisomba kuni za kukaushia tumbaku. Tela likapinduka, likamlalia, paja likavunjika. Walimlaza wodini muda mrefu, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito, mpaka mfupa ukaunga. Mfupa ulikuwa mzima sasa. Goti ndilo lililokufa. Kwa kulala hivyo bila kukunjwa lilikuwa limekakamaa, na misuli ya paja imesinyaa.

"Shikamoo, mzee," alisema Pelagia.

"Marahaba, sista. Wewe ndiye mwenyewe wa kuchua?"

"Ndiye mimi."

Hakumtambua. Angemtambuaje? Siku ile Pelagia alikuwa binti mmoja kati ya wengi, amejifunga khanga, amebeba masufuria.

Alimlaza kitandani. Akamfunika goti kwa mataulo ya moto, akayabadilisha kila yalipopoa, mpaka ngozi ikalainika na mtu mwenyewe akaanza kusinzia. Mpaka hapo mikono yake ilikuwa ikifanya kazi iliyofundishwa. Kisha akashika kifundo cha mguu kwa mkono mmoja, mwingine akauweka juu ya goti, akaanza kukunja.

Kila goti lililokakamaa lina mahali linapogoma. Mikono iliyozoea hupajua, kama mtu anavyojua gizani kwamba amefika ukutani. Ukifika hapo unatulia, unasubiri, unaomba ruhusa. Pelagia alifika hapo. Hakutulia. Alisukuma.

"Mayo wee!" Kashindye alipiga ukelele, akainuka nusu, akamshika mkono. "Mayo! Niache!"

Pelagia aliacha. Lakini kabla hajaacha, kwa muda mfupi tu, alisikia kitu ndani yake kikishiba. Alikisikia wazi, kama anavyosikia mtu maji yakiteremka kooni. Ndicho kilichomtisha. Aliwahi kuwaumiza wagonjwa wengi, kwa sababu kazi ile haifanyiki bila maumivu kidogo, na kila mara moyo ulimsinyaa pamoja nao. Leo haukusinyaa.

Tobias alikuwa pembeni, anakunja mablanketi. Alimtazama Pelagia, kisha akatazama mablanketi yake.

"Samahani, mzee," Pelagia alisema, na sauti yake haikutoka vizuri. "Basi kwa leo."

Jioni goti lilikuwa limevimba.

Pelagia alikuwa amepanga chumba mtaa wa Mtendeni kwa Bi Mwanamkuu, mjane wa fundi viatu, mwanamke wa mjini hasa, ambaye kila jioni alikaa barazani akikaanga vitumbua na kusalimiana na kila apitaye. Mpangaji wake aliporudi siku ile akaingia ndani moja kwa moja bila hata kuonja kitumbua, alimfuata na sahani mkononi.

"Umegombana na nani?"

Pelagia akamweleza yote. Bi Mwanamkuu alikwisha kuzisikia habari za bibi, lakini hizi za leo zilimfanya aweke sahani chini.

"Astaghafirullahi. Na akalia?"

"Akamwita mama yake."

"Mimi ningemwachia mwingine," alisema Bi Mwanamkuu. "Si kwa ajili yake, kwa ajili yako wewe. Ukizoea kusikia utamu huo, mwanangu, kesho utausikia kwa mtu ambaye hakukukosea lolote."

Ndivyo alivyofanya. Asubuhi alimwomba Tobias amchukue yule mgonjwa wa goti. Tobias alikuwa mtu mpole, mkubwa wa mwili, mlokole wa Kimoraviani aliyewaimbia wagonjwa wake tenzi wakifanya mazoezi. Uvimbe ulipopungua alimkandakanda Kashindye kwa upole, akamwimbia, akampigisha hadithi. Akimsikia anaguna tu, anaacha. Wakawa marafiki wakubwa. Goti halikusogea.

Pelagia aliliona kila siku akiwa upande wa pili wa chumba na wagonjwa wake. Alijitahidi asilitazame, akalitazama. Daktari alipopita alilipapasa, akatikisa kichwa. Alisema likikaa hivyo itabidi mgonjwa alazwe usingizi walikunje kwa nguvu, na huko kuna hatari ya kuvunja mfupa upya; au aende nyumbani nalo hivyo hivyo, wapo watu wanaoishi na mguu mkavu.

Siku hiyo mke wa Kashindye alikuwa amekuja kumwona. Aliitwa Kalunde, mwanamke mfupi mwenye macho ya uchovu. Mchana Pelagia aliwakuta nyuma ya wodi, karibu na vyoo. Kashindye alikuwa ameegemea ukuta, magongo yameanguka, suruali imemlowa. Alishindwa kuchuchumaa. Mguu ule mkavu ulitangulia mbele, mwingine haukuweza kuubeba mwili peke yake, na akiwa katika kuhangaika hivyo mambo yakamharibikia. Kalunde alikuwa amepiga magoti mbele yake, anamfuta kwa upande wa kitenge, hasemi neno. Na yule mtu aliyekuwa akiamrisha lori zima la mgambo alikuwa ameelekeza uso ukutani.

Pelagia alitaka kupita haraka. Badala yake aliokota magongo, akampa Kalunde maji kutoka bombani, akasimama kuwakinga mpaka wakamaliza.

"Sista," Kalunde alimwambia kwa sauti ya chini wakirudi, "nyumbani tuna choo cha shimo. Shamba letu ni la jembe. Huyu akirudi hivi, nitamfanya nini?"

Kesho yake Pelagia alimwambia Tobias, "Yule mzee mrudishe kwangu."

Tobias akamwangalia. "Una hakika, dada?"

"Sina. Mrudishe."

Kashindye alipomwona anakaribia kitanda alijivuta nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. "Sista, mimi na Tobias tunaendelea vizuri."

"Hamwendelei, mzee. Na kabla sijakugusa kuna jambo ni haki yako ulijue." Pelagia alivuta kigoda, akakaa, wakawa macho kwa macho. "Mimi ni mtoto wa Raymundi, wa Kaselya. Yule bibi uliyemtoa ndani kwa mgongo ni bibi yangu."

Kashindye alianza kujifuta viganja kwenye shuka, polepole, kana kwamba vina mafuta.

"Siku ile ya kwanza nilikusukuma kupita ilivyopasa," Pelagia aliendelea. "Nilijua nafanya nini. Haikuwa dawa ile."

"Bibi yupo?"

"Alifariki masika yaleyale."

Nje mtu alikuwa akikata majani kwa fyekeo. Mlio ule ulisikika muda mrefu.

"Alikuwa mwepesi," Kashindye alisema. "Nilimbeba nikashangaa. Nikasema mtu mzima gani huyu, mwepesi kama ungo. Nilitumwa, mwanangu. Nilianza na kwangu. Paa la kwanza kushuka lilikuwa langu, ili watu wasiseme. Kalunde hakunisemesha mpaka mvua zikaanza. Lakini kumtoa mtu mzima jikoni kwake... hakuna aliyenituma kumbeba. Ningeweza kumwacha akae mpaka atoke mwenyewe. Watu walikuwa wananitazama, nikaona aibu kushindwa na kikongwe."

Pelagia alitaka kusema maneno mengi. Alikuwa ameyaandaa kwa miaka, njiani, kitandani, kanisani. Aliyaweka kando.

"Mimi sikuja kukusamehe," alisema. "Hilo si langu peke yangu, na sijui kama ninalo. Nimekuja kwa ajili ya goti. Unalitaka au hulitaki?"

"Utanivunja."

"Sikiliza." Aliuchukua mkono wa kulia wa Kashindye, mkono mzito wenye sugu, akauweka juu ya mkono wake mwenyewe uliokuwa kwenye goti. "Wewe ndiye utakayeniongoza. Ukinibana hapa, naacha. Hata kama hujaumia. Hata kama umeogopa tu."

Kashindye aliitazama mikono ile miwili. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

Siku ile alimbana mara nyingi. Nyingine alimbana kabla hata hajaguswa, ili aone tu kama ataacha. Pelagia aliacha kila mara. Mwisho wa kikao goti lilikuwa palepale, lakini bega la yule mtu, lililokuwa limepanda juu karibu na sikio, lilikuwa limeshuka.

Ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Asubuhi mataulo ya moto. Baadaye Pelagia alimkalisha ukingoni mwa kitanda, akaweka mkono nyuma ya kifundo chake, au mbele, kutegemea misuli aliyoitaka. "Nisukume. Sukuma kama unapiga mpira. Usiniachie, usiniachie... Haya, legeza. Legeza kabisa, hata mdomo." Na palepale misuli ilipochoka kupigana, kabla haijakumbuka hofu yake, aliupeleka mguu ndani kidogo, upana wa kidole, akatulia hapo. Kashindye alitweta, jasho likamchuruzika puani. Mkono wake ulikuwa juu ya mkono wa Pelagia, na haukubana.

"Linauma?"

"Linauma. Lakini maumivu yake si yale."

"Yakoje?"

Akafikiri. "Yale yalikuwa ya kufungiwa mlango. Haya ni ya kufunguliwa mlango uliokwama."

Zilikuwepo siku mbaya. Ipo siku goti lilikataa kabisa, Kashindye akatupa gongo likagonga ndoo, akasema heri wangeukata. Pelagia naye alikuwa na siku zake. Aliamka akiwa ameota kikohozi cha bibi, akaenda kazini hataki kumwona mtu yule, na asubuhi hizo alimwomba Tobias asimame karibu. Tobias aliimba tu. Mgonjwa akasukuma, akalegeza. Kifuko cha mchanga kikafungwa kwenye kifundo, paja likaanza kuumuka tena kama unga uliotiwa hamira. Kisha wakamsimamisha katikati ya vyuma viwili sambamba vya kushikilia, akajifunza kutembea upya: kisigino kwanza, kunja goti, usiburute.

Alikuwa hapo katikati ya vyuma siku Raymundi alipokuja.

Baba yake Pelagia hakuwa na desturi ya kutoa taarifa. Alishuka basi, akaja hospitali na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, begani, akaelekezwa chumba cha mazoezi, akasukuma mlango akitabasamu. Tabasamu likaganda.

Kashindye naye alimwona. Hakuwa na pa kwenda. Kulia chuma, kushoto chuma, miguu haijajua kukimbia. "Mwangaluka, Raymundi," alimwamkia kwa lugha ya kwao.

Raymundi hakuitika. Alimtazama binti yake, aliyekuwa ameinama sakafuni, ameshika goti la mtu yule kwa mikono yote miwili, analiongoza. Akageuka akatoka.

Pelagia alimkimbilia, akampata chini ya veranda.

"Shikamoo, baba."

"Hiyo ndiyo kazi uliyokwenda kusomea?"

"Ndiyo hiyo, baba."

"Unamshika yule. Unamshika kama unavyomshika mtoto. Mama yangu alikufa hana mtu wa kumshika."

"Najua. Sikuwepo. Bibi sikumfikia, baba, na sitamfikia tena. Huyu ndiye aliyeletwa mbele yangu."

"Ungemwacha."

"Nilimwacha. Kabla ya hapo nilimwumiza, tena kwa makusudi. Nikaona ninavyogeuka." Alikuwa analia sasa, na hakujali wagonjwa waliokuwa wakipita. "Sikutaka kuwa mtu yule."

Raymundi alitazama mbali, huko majani yalikokuwa yamefyekwa. Akaushusha mfuko wa michembe kutoka begani, akajaribu kuuweka juu ya ukuta wa veranda, akashindwa kuufikisha, akauweka chini. "Mama yako anakusalimu," alisema, akaenda zake kungoja basi la kurudi.

Pelagia alirudi ndani akakuta Kashindye bado amesimama palepale, hajathubutu kukaa. "Tuendelee, mzee," akamwambia. "Kisigino kwanza."

Kashindye aliruhusiwa kwenda nyumbani mvua za kwanza zilipokuwa zikinukia. Goti lilikuwa halijarudi lote na Pelagia hakumdanganya kwamba litarudi. Lakini lilikunjika kupita pembe ya kiti, na kwa kushikilia nguzo aliweza kuchuchumaa na kuinuka mwenyewe. Pelagia alimwonyesha Kalunde mazoezi ya kumfanyisha na jinsi ya kuchimbia nguzo pale chooni. Kalunde alishika mikono ya Pelagia akaibusu, kitu ambacho watu wa kwao hawafanyi. Kashindye yeye alisimama na fimbo yake, akakosa pa kuyaweka macho.

"Mwanangu," alisema, "nikikushukuru nitakuwa kama nimelipa. Na mimi sijalipa."

"Basi usishukuru. Fanya mazoezi."

Wakaagana hivyo.

Pelagia hakwenda kwao mpaka kiangazi kilichofuata. Alikuwa akiiogopa safari ile, maana tangu siku ya michembe baba yake alimletea salamu kupitia watu tu. Kijiji kipya hakikuwa kipya tena. Nyumba za udongo zilikuwa zimesimama kwa mstari, shule imeezekwa bati, na mama yake, Josepha, alikuwa amepanda maboga kuzunguka uwanja. Walimpokea vizuri. Walikula. Baba aliuliza habari za mjini, za Bi Mwanamkuu, za bei ya sukari. Hakuna aliyemtaja Kashindye.

Jioni walipobaki wawili uani, Raymundi alikohoa.

"Yule bwana alikuja."

Pelagia alimgeukia.

"Baada ya mavuno. Alikuja kwa miguu, na fimbo. Nilimwona tangu mbali nikasema sitoki. Mama yako akamtolea kigoda." Alichokonoa ardhi kwa kidole cha mguu. "Akakaa. Nikatoka. Tukakaa sana. Aliyoyasema ni yangu na yake, usiniulize."

"Sikuulizi, baba."

"Sijasema moyo wangu umetulia. Nikimkumbuka mama, hautulii." Akavuta pumzi. "Lakini wakati nampa maji nilimpa kwa mkono wa kushoto. Akaniangalia akasema, Raymundi, hunidharau wewe, una bega. Nikamwambia ni uzee. Akasema si uzee, mimi nimekaa na mtoto wako, nayajua mambo haya, mwambie."

Pelagia aliinua macho. "Bega gani, baba?"

"Hili la kulia. Tangu tulipohama. Nilibeba nguzo za nyumba ya zamani, zile za mninga, sikutaka ziozee kule. Zote kwa bega hili." Alijaribu kuuinua mkono ili aonyeshe, ulifika usawa wa kifua ukakwama, na uso ukamkunjamana. "Usiku silalii upande huu. Kofia nainamia, sivai."

"Miaka yote hiyo? Na mimi kazi yangu ndiyo hii?"

"Nilikuja kukuambia siku ile," alisema Raymundi. "Siku ile ya hospitali. Ndilo nililokuja nalo."

Pelagia aliingia ndani, akamwomba mama yake maji ya moto na kipande cha blanketi. Alitoka navyo, akamvua baba yake shati taratibu, mkono mzima kwanza, kisha ule mwingine. Hakuwahi kuuona mgongo wa baba yake karibu hivyo. Ulikuwa umekonda kuliko alivyodhani, na lile bega lilikuwa juu kuliko mwenzake. Alikamua blanketi akalifunika, na Raymundi akafumba macho kwa lile joto.

"Niambie linapoanza kuuma," alisema Pelagia. "Ukisema basi, naacha."

"Anza tu," alisema baba yake, na akauachia mkono wake ukae mikononi mwa binti yake.